Kimya cha Sarafu

Wakiniuliza ni mpiga besi gani nimpendaye
wanangoja jina la kwenye majalada,
jina lenye miwani myeusi na gari refu.
Nawajibu: Lascelles Pinnock, nyumba namba kumi na tisa.
Wanaandika, wanakosea tahajia, wanafuta.

Kule Handsworth nyumba zetu zilibanana kama meno.
Ukuta wetu ulikuwa mmoja, tofali safu moja,
upande huu mama akisukuma chapati,
upande ule santuri ikizunguka.
Ukuta ni mchoyo: ulizuia tarumbeta,
ulizuia maneno, mapenzi yake na matusi yake.
Besi tu ndiyo iliyopita.
Besi haibishi hodi.
Ilipanda kwa miguu ya kitanda,
ikatikisa bilauri yenye meno ya bandia ya babu
hadi maji yakachora duara ndani ya duara.

Ndivyo nilivyozijua nyimbo, kutokea chini,
kama ajuaye wageni kwa viatu vyao.
Nilipousikia mmoja wao mzima, redioni,
nilikuwa na miaka kumi na minne. Nikashtuka:
kumbe huko juu kulikuwa na watu wakiimba!

Mchana Lascelles alimimina chuma Smethwick,
tanuri lilelile la baba yangu, zamu nyingine;
walisalimiana kwa kidevu, basi.
Jioni alifuatisha santuri kwa gitaa lake.
Na kulikuwa na kifungu kimoja:
noti tano zinashuka ngazi,
halafu

kimya. Kirefu kupita adabu,
hata udhani mtu ameanguka.
Kisha ya sita, nzito,
gunia la unga likitua sakafuni.

Nilinunua besi kwa pesa za kugawa magazeti.
Ilikuwa na nyuzi tatu, wa nne ulikuwa deni.
Nilijifunza kwanza kile kimya,
noti zikafuata baadaye.

Bendi yetu ilikuwa ya harusi: dholi mbili, kinanda,
na Balvir mwenye koti la kumetameta.
Dholi zikipanda mimi nashuka, moja hadi tano,
kisha nawanyima.
Ukumbi mzima unabaki mguu hewani,
mashangazi wameshika mitandio,
na ya sita inapotua wote wanakanyaga pamoja.
Baba wa bwana harusi alinibandika pauni kumi
kwenye paji la uso. Noti kwa noti.

Tarlochan wa Leeds alikiiba kimya hicho bila haya.
Gobnait wa Cork alikipata kwa Tarlochan,
akakipeleka kwenye bendi yenye fidla na mvua nyingi.
Mwaka jana mkosoaji kakiandikia kurasa mbili,
kakiita jeraha la bahari, kakiita falsafa ya utupu.
Nilisoma nikitikisa kichwa: ndiyo, ndiyo.

Nikampelekea Lascelles kurasa zile
kwenye nyumba wanakotunzwa. Alicheka akakohoa,
akarekebisha kidude cha sikioni.
"Mtoto wa Gurdev, ile ilikuwa mita!
Umeme wa sarafu. Ulizimika katikati,
nikapapasa gizani kutafuta hamsini,
nikaitumbukiza, nikaendelea nilipoachia.
Muziki wenyewe haukuwa na pengo hata la unywele."
Ilitokea mara ngapi?
"Mara mbili. Labda tatu."

Tatu. Na mimi nimekula kwazo miaka arobaini.

Na zile tano zinazoshuka, nikauliza, zilitoka wapi?
"Mguu wa kushoto wa Bi Euphemia,
kinanda cha kanisa, Port Antonio.
Ulikuwa umevimba, akiukokota."
Akaomba chai. Akalalamika ina maziwa mengi.

Jumamosi tulipiga Coventry.
Tano. Nikaachia.
Mfuko. Sarafu. Tundu. Geuza.
Nadhani nilichelewa kidogo kuliko kawaida;
mpiga dholi alinitazama vibaya.